Tanuri Isiyo na Mvukuto

Jembe linalouzwa leo katika maduka ya Mpui, kando ya barabara ya lami inayotoka Tunduma kwenda Sumbawanga, limetoka mbali. Limepigwa chapa kiwandani, limepakwa rangi, na anayelinunua hulipima uzito mkononi, hujadili bei, kisha huenda kulitafutia mpini. Hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 20 jembe na mpini vyote vilikuwa vya hapa hapa. Chuma kilitolewa katika mawe ya uwanda wa Ufipa, kwa mkaa wa miti yake, ndani ya tanuri zilizojengwa kwa udongo wa vichuguu vyake. Tanuri hizo Wafipa waliziita malungu, moja ikiwa ilungu, na baadhi bado zimesimama katika mashamba na vichaka vya Rukwa: nguzo nene za udongo uliopasuka, zenye urefu wa mita 3 na zaidi, matundu yake ya chini yakiwa yameziba kwa nyasi. Wengi wakizipita huziona kuwa mabaki ya ujinga uliokwisha. Mimi naziona kuwa kumbukumbu ya hesabu iliyopigwa vizuri, na hesabu yenyewe ilihusu watu kabla ya kuhusu chuma: nani afanye kazi gani, na katika msimu upi.

Wekundu wa vumbi la kiangazi ndio mwanzo wa habari hii. Ni kutu. Kwa maelfu ya miaka mvua za nchi za joto hupenya ndani ya mwamba, zikaosha silika na chumvi zinazoyeyuka na kuacha nyuma vile vilivyo vizito kuondoka, yaani chuma na aluminiamu vilivyoshikana na oksijeni. Mabaki hayo hukauka yakawa kokoto na mawe mekundu au ya kahawia, jamaa wa changarawe inayomwagwa kwenye barabara za vijijini. Oksidi ya chuma ikiwa safi ina takriban asilimia 70 ya chuma kwa uzito, ingawa jiwe la kawaida lina pungufu ya hapo kwa kuwa limechanganyika na mchanga. Kwa hiyo chuma hakikuwa haba Ufipa. Kazi ilikuwa kukinyang'anya oksijeni yake. Kule Mbozi, safari ya siku kadhaa kwa miguu kutoka Mpui, liko bonge ambalo maumbile yamekwisha kulifanyia kazi hiyo: kimondo cha tani zaidi ya kumi, asilimia 90 chuma na karibu asilimia 9 nikeli. Lakini bonge la ukubwa huo halikatwi kwa shoka wala halipasuki kwa nyundo ya jiwe. Majembe ya uwanda yalitoka kwenye kokoto.

Kinyume na wanavyodhani wengi, kazi hiyo haifanywi kwa kuyeyusha chuma. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi, joto ambalo tanuri ya namna hii haikukusudiwa kulifikia. Kinachotakiwa ni gesi. Mkaa ukiungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, ile ile inayowaua watu waliofunga madirisha na kulala na jiko la mkaa chumbani. Gesi hiyo ina uchu wa oksijeni: ikipita juu ya jiwe lililopata moto wa nyuzi 800 au zaidi, huichukua oksijeni ya jiwe na kuacha chuma kikiwa kigumu vile vile, chembe kwa chembe. Kinachobaki kuwa tatizo ni mchanga. Wenyewe hauyeyuki kwa joto la tanuri, mpaka sehemu ya chuma iungane nao. Hapo ndipo mchanganyiko huo huyeyuka kwenye nyuzi kama 1200 na kutiririka, nao ndio mavi ya chuma. Ndiyo maana mavi ya chuma yanayookotwa Ufipa ni mazito ajabu mkononi. Ndani yake mna chuma kingi kilichotolewa sadaka ili kingine kitakate.

Yote hayo yanategemea hewa, na hapa ndipo ilungu linapoachana na tanuri nyingi za Afrika Mashariki. Kwingineko hewa ilisukumwa kwa mivukuto, vijana wakipokezana kwa saa nyingi bila kupumzika, maana mvukuto ukisimama moto unazubaa na kazi ya kutwa nzima inapotea. Ilungu lilivuta hewa lenyewe. Hewa ya moto iliyo ndani ni nyepesi kuliko ya baridi iliyo nje. Inapopanda, hewa mpya huingia kushika nafasi yake kupitia matundu ya chini, na kadiri tanuri inavyokuwa ndefu ndivyo mvuto unavyoongezeka. Tunaweza kuupima mvuto wenyewe. Kwenye mwinuko wa mita 1800 hivi kutoka usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ya nje ina uzito wa karibu kilo moja. Hewa iliyopashwa hadi nyuzi 800 ina takriban robo ya kilo. Katika tanuri ya mita 3 tofauti hiyo huzaa msukumo wa paskali 20 hivi, sawa na uzito wa maji yenye kina cha milimita 2. Ni msukumo dhaifu kupita kiasi. Mtu yeyote akipuliza kwa mdomo anaushinda mara nyingi. Isitoshe, hewa ya uwandani ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban moja ya sita, hivyo kila pumzi ya tanuri inabeba oksijeni pungufu. Mafundi waliufidia udhaifu huo kwa kuzungusha matundu mengi kwenye kitako cha tanuri, na kwa kuiacha iungue polepole, usiku na mchana, kwa siku kadhaa. Walichokosa katika nguvu ya hewa walikilipa kwa muda.

Mtu anaweza kusema kwamba waliacha mivukuto kwa sababu hawakuijua. Jibu liko hatua chache kutoka kwenye ilungu. Bonge lililotoka humo halikuwa tayari kwa nyundo: lilivunjwavunjwa, likachambuliwa, kisha vipande vyenye chuma vikatiwa kwenye tanuri ya pili, ndogo, iliyoitwa kintengwe, na hiyo ilivukutwa. Mhunzi aliyepiga jembe kiwandani kwake naye alikuwa na mvukuto. Watu hao hao, katika mlolongo huo huo wa kazi, walitumia mvukuto mahali pawili na kuukataa mahali pamoja. Utafiti wa mwanaakiolojia Bertram Mapunda katika eneo la Nkasi, uliokamilika mwaka 1995, unatia nguvu hoja hii. Alitambua mbinu tatu tofauti za kutoa chuma katika nchi hiyo: malungu, tanuri fupi za aina inayoitwa katukutu, na za mafundi wenye mapokeo ya Barongo. Penye njia tatu, mwenye kushika moja amechagua. Kilichobaki ni kuuliza kwa nini alichagua hiyo.

Sababu naiona shambani. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyekatiza Ufipa mwaka 1880, aliwaeleza Wafipa kuwa watu walioshikamana na kilimo kuliko wengine aliowaona njiani, na kilimo chao kilikuwa cha namna ya pekee. Kusini mwa uwanda, kwenye nyasi za upande wa iliyokuwa dola ya Lyangalile, mkulima hakuwa na msitu mnene wa kufyeka na kuchoma kama jirani zake wa upande wa Zambia wanaotegemea majivu ya miti. Alikuwa na nyasi. Kwa hiyo mvua zilipokaribia mwisho, kati ya Februari na Aprili, udongo ukiwa bado laini na nyasi bado mbichi, alikata mabonge ya ardhi yenye nyasi na kuyapindua kuelekea ndani mpaka yakawa tuta la mviringo, intumba, nyasi zikiwa zimezikwa tumboni mwake. Juu yake aliweza kupanda maharage. Nyasi zikaoza kiangazi kizima, na mvua mpya zilipoanza matuta yalivunjwa, mbolea ikasambazwa, ulezi ukamwagwa. Mpangilio wa wakati hapa haukuwa wa kubahatisha. Nyasi mbichi zina naitrojeni ya kutosha kwa vijidudu vinavyoozesha. Zikikauka hubaki kaboni tupu, na vijidudu huanza kunyang'anya udongo naitrojeni badala ya kuuongezea. Mkulima aliyechelewa mwezi mmoja alizika majani makavu na kuvuna njaa.

Kupindua ardhi yenye mizizi ya nyasi iliyosukana si kazi ya mti uliochongwa. Inahitaji jembe pana, zito, lenye makali, na linahitajika kwa wingi kwa wakati mmoja, kwa kuwa kila nyumba inalima matuta katika wiki zile zile. Jembe lenyewe huliwa na ardhi, likapungua mwaka hadi mwaka mpaka likabaki kijembe cha kupalilia. Maana yake ni kwamba Ufipa ilihitaji chuma kila mwaka, nacho kilitolewa kiangazi, mavuno yakiwa ghalani na kabla mvua hazijaita watu tena mashambani. Dirisha hilo lilikuwa jembamba. Ndani yake kulikuwa na kuchimba mawe, kukata miti, kuchoma mkaa, kufinyanga mabomba ya kupitishia hewa, kukarabati au kujenga tanuri, na hapo hapo nyumba zinajengwa, safari za biashara zinafanywa na pombe ya ulezi inanywewa. Kumtaka kila kijana akae kwenye mvukuto siku tatu mfululizo kwenye tanuri kubwa kungekula nguvukazi yote ya kijiji. Ilungu lilihamisha jasho. Kazi kubwa ilifanyika kabla ya moto kuwashwa, kwa mikono mingi na kwa mwendo wa watu wenyewe; moto ukishawaka, watu wachache walitosha kuulinda. Mvukuto uliachiwa kintengwe, ambako mzigo ulikwishapungua na saa za kuvukuta zilikuwa chache.

Wapo watakaosema hesabu hiyo ilisahau miti. Ni pingamizi zito, na sitalikwepa. David Killick, aliyechunguza tanuri za namna hii huko Kasungu, Malawi, alionyesha kwamba tanuri inayojivutia hewa huokoa nguvukazi lakini hula mkaa mwingi zaidi kuliko ile inayovukutwa. Kwa hiyo Wafipa walinunua mapumziko kwa kuni, na bei ilionekana juu ya ardhi. Lakini lawama ya uwanda mzima kuwa mtupu haiwezi kubebeshwa wahunzi. Ulimaji na moto wa kila kiangazi unaopita nyikani vina sehemu kubwa zaidi, tena vinaendelea hadi leo, wakati tanuri zimepoa karibu miaka mia moja. Tena fundi aliijua bei yenyewe, kwani mkaa ni mzigo mgumu kubeba: tanuri ilijengwa karibu na miti, mawe na kichuguu, na miti ilipokwisha ilijengwa nyingine kwingine. Penye watu wachache na miti mingi, kutumia miti ili kuwaokoa watu ni busara. Uwiano ukigeuka inakuwa uharibifu. Hatuwezi kuwahukumu wa zamani kwa uwiano wa leo, hasa sisi ambao tunachoma mkaa ili kupika maharage.

Pingamizi jingine husemwa kwa dharau kidogo: kama tanuri yao ilikuwa nzuri, mbona ilihitaji ya pili ya kusafishia? Tazama basi Ulaya. Tanuri kubwa zilizoenea huko kuanzia karne ya 15, zikivukutwa kwa magurudumu ya maji, zilitoa chuma kilichojaa kaboni, kinachovunjika kama sahani kikigongwa. Ili kipatikane chuma cha kufulika ilibidi kiingizwe kwenye tanuri ya pili na kuunguzwa kaboni yake. Hatua mbili, kama Ufipa, kwa sababu tofauti kabisa ya kikemia lakini kwa sababu inayofanana ya kiuchumi: hatua ya kwanza inatafuta wingi, ya pili inatafuta ubora, na zote mbili zikiunganishwa zinashinda hatua moja inayojaribu vyote. Hakuna mwanahistoria anayewaita Waingereza wajinga kwa jambo hilo. Wala kutumia nguvu za maumbile badala ya misuli si jambo la Afrika pekee; huko Samanalawewa, Sri Lanka, zamani zilijengwa tanuri kwenye miteremko zikivutiwa hewa na upepo wa msimu.

Lakini nisivuke mpaka. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science madai kwamba tanuri za Buhaya zilitoa chuma cha pua kwa mbinu ya kupasha hewa kabla haijaingia motoni, na tangu hapo imekuwa kawaida kwa wasemaji wa majukwaani kutangaza kuwa Waafrika waliitangulia Ulaya kwa karne nyingi. Wataalamu wengine waliyapinga madai hayo kwa ushahidi wa tanuri zenyewe, na mjadala haukuwaacha washabiki na ushindi waliouzoea. Ilungu halihitaji sifa za mashindano. Kuliita la kwanza duniani ni kulinyima swali lake halisi, ambalo ni namna kijiji kilivyogawa siku zake.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye uganga. R. Wise, aliyeandika mwaka 1958 juu ya mila za wafua chuma wa Ufipa, na baada yake Randi Barndon aliyefanya utafiti miaka ya 1990, wanaeleza kazi iliyozungukwa na dawa: kapu la siri la fundi mkuu, intangala, miiko ya kutolala na wanawake wakati wa kazi, na tanuri yenyewe kuchukuliwa kama mwanamke, bi harusi atakayezaa chuma. Je, watu wanaoamini hayo wanaweza kusemwa walipiga hesabu? Naona wanaweza, bila sisi kujidanganya kwamba kila jani la kapuni lilikuwa sayansi iliyofichwa. Dawa haikubadili kiasi cha kaboni monoksaidi. Ila mwiko uliwaweka wanaume kambini kwa muda ambao moto uliwahitaji, na siri ya kapu iliamua nani ana haki ya kuitwa fundi na kulipwa kama fundi. Katika shughuli ambayo mafanikio hayaonekani mpaka tanuri ivunjwe mdomo, ambamo unyevu wa mkaa au jiwe baya laweza kuharibu kazi ya wiki kadhaa, utaratibu usiobadilika ndio ulioshika kumbukumbu ya hatua zote. Kilichostahili kulaumiwa katika miiko hiyo ni kingine: iliwafungia wanawake nje ya kazi ambayo matunda yake, jembe, waliyashika wao shambani.

Kama yote hayo ni kweli, kwa nini malungu yalizimika? Kwa sababu hesabu ile ile iligeuka. Kodi ya nyumba ya Wajerumani, iliyoanza mwaka 1898, ilidai fedha, na fedha haikupatikana kiangazini kwenye mkaa. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kuanzia 1927 meli ya Liemba ikawa inashuka Ziwa Tanganyika ikipitia bandari za Ufipa, hivyo bidhaa za viwandani zikafika chini ya uwanda bila kubebwa kichwani kutoka pwani. Wakati huo huo vijana wakaenda kutafuta mshahara kwenye dhahabu ya Lupa na mkonge wa Tanga. Kiangazi, ambacho zamani kilikuwa na mikono ya kutosha, sasa kilikuwa na thamani ya shilingi, na jembe la dukani likawa rahisi kuliko wiki za watu kumi. Ofisa wa Kiingereza R. C. H. Greig alipochapisha maelezo yake juu ya ufuaji chuma wa Ufipa katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, alikuwa anaandika habari za kazi iliyokuwa ikiondoka. J. A. R. Wembah-Rashid alipoandika tena mwaka 1969, ilikwisha kuwa ya kumbukumbu za wazee. Tanuri iliyobuniwa ili kuokoa nguvukazi iliuawa na kitu kilichookoa nguvukazi zaidi. Ubora wa chuma haukuingia katika hukumu hiyo.

Lakini kuna kosa la leo ambalo soko haliwezi kusingiziwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya mwaka 1964, huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Malungu mengi yaliyosimama yana umri mdogo kuliko huo, kwa kuwa udongo ukiachwa wazi kwa mvua haudumu, na yaliyobaki ndiyo yaliyotumika mwishoni. Ushahidi ulio hai zaidi wa kazi hii, basi, ndio usio na ulinzi, mpaka Waziri autangaze kuwa wa kulindwa. Madaraka hayo yamo ndani ya sheria hiyo hiyo. Halmashauri za Sumbawanga, Kalambo na Nkasi zinaweza kuagiza watendaji wa kata waorodheshe kila tanuri iliyosimama, ilipo, urefu wake na idadi ya matundu yake, na kumpelekea Waziri orodha. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka nje wala bajeti ya mradi. Kamba ya kupimia na simu yenye kamera vinatosha. Waanze na vijiji vilivyo karibu na barabara kuu, kutoka Laela kupitia Mpui hadi Kaengesa, kwa sababu huko ndiko ujenzi unakokwenda kasi, na udongo wa kichuguu uliokwisha kuchomwa hauna mtetezi mbele ya anayetafuta kiwanja.